Historia ya Motokaa Moja ya Kusini

Chini ya mwembe, nyuma ya nyumba yetu ya Mikindani, imesimama motokaa aina ya Land Rover iliyoundwa mwaka 1966. Iliwekwa hapo mwaka 1991 juu ya mawe manne, na tangu hapo kuku wametaga ndani yake vizazi visivyo na hesabu. Mwaka 2019, nilipostaafu ualimu, niliapa kuitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilifanya kazi kila siku. Mwaka wa pili nilifanya kazi siku za Jumamosi. Mwaka wa tatu nilikuwa nikipita ubavuni mwake kwenda kisimani bila kuitazama, kama mdeni apitavyo mbele ya duka la mdai wake.

Kila aliyepata kufungua injini kuukuu anaijua hali hii. Kazi ya kufungua ni tamu: unashika spana asubuhi, na jioni una rundo la vyuma la kuwaonyesha jirani. Kazi ya kurudisha ni chungu. Siku nzima hupotea katika bolti moja iliyoshikwa na kutu, na mtu akikuuliza umefanya nini leo, huna la kumjibu. Methali yetu ya haba na haba haikunifaa kitu, maana kibaba changu kilikuwa na tundu. Nilipomaliza breki za mbele, za nyuma zilishikana. Nilipopata radieta, panya walikula nyaya.

Basi siku moja alipita kijana anayenunua vyuma chakavu, ana mkokoteni na mzani.

"Shikamoo, mzee. Ile gari unaiuza?"

"Marahaba. Ile ilikuwa ya marehemu baba yangu."

"Mzee, inaoza. Leo ina kilo, mwakani itakuwa vumbi."

Nilimwambia arudi Ijumaa. Sikuona haya kusema hivyo; niliona nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. Walakini katika siku zile chache za kuingoja Ijumaa ilipofika ndipo nilipoanza kuitafakari historia ya motokaa ile, na ya watu wa kusini waliopata kuzitengeneza motokaa za namna ile, na tafakuri hiyo ndiyo niliyoiandika hapa.

Land Rover ya kwanza ilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1948, nchi ile ikiwa imechoka kwa Vita Kuu ya Pili. Chuma kiligawiwa kwa kibali cha serikali, bali alumini, ambayo viwanda vya ndege za vita vilikuwa haviihitaji tena kwa wingi, ilipatikana kwa urahisi. Waundaji wakaivika motokaa yao ngozi ya alumini juu ya mifupa ya chuma. Hii ndiyo sababu ya jambo ambalo kila mkazi wa pwani amelishuhudia: bodi ya Land Rover huistahimili hewa ya chumvi miaka mingi, ilhali chesesi iliyo chini yake inaliwa na kutu polepole. Mtu huiona motokaa nzima kwa macho, kumbe imebaki ngozi.

Miaka hiyo hiyo mabaki mengine ya vita yalikuwa yakigeuzwa kazi. Vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman vilifanywa matrekta na kampuni ya Vickers, vikapewa jina la Shervick, na baadhi yake vikaletwa Tanganyika kung'oa misitu ili zilimwe karanga. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika, ulizunguka nchi na kuandika mpango wa kulima ekari 3,210,000. Mashamba yaligawanywa katika vitengo 107, na vitengo 55 kati ya hivyo, yaani zaidi ya nusu, viliwekwa katika Jimbo la Kusini, ambalo lilikuwa halina bandari ya maji marefu wala reli. Kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947, na kusini ikaja baadaye, Nachingwea ikiwa makao yake.

Waandishi wengi wameucheka mpango ule, na wana haki ya kucheka. Wamehesabu mvua zisizonyesha, udongo uliokauka ukawa kama saruji, na mibuyu iliyokataa kung'oka. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa fundi, nimevutwa zaidi na habari za matrekta. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wakati, yakanunuliwa yale yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino yalikokuwa yamekaa nje katika mvua. Yalifika yakiwa ya namna nyingi, na spea ya namna moja haikuingia katika nyingine. Karakana za kuyatengenezea zilikuwa hazijawa tayari. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ya Kongwa ilikuwa imelala. Palikuwapo fedha, palikuwapo wahandisi, palikuwapo amri kutoka London. Lakini trekta likiharibika lilisukumwa kando, na la pili likasukumwa karibu yake, mpaka pakawa na safu. Nadhani safu ile ilivunja mioyo ya watu kuliko jua. Mtu hawezi kutengeneza safu. Hutengeneza trekta moja.

Mpango ulifutwa Januari 1951, na hasara yake ilipita pauni milioni 36.

Baba yangu alikwenda Nachingwea mwaka 1949, kijana wa miaka kumi na minane kutoka uwanda wa Makonde, akaajiriwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuletewa kitu kilichofunguliwa, kukiosha mpaka king'ae, na kukipanga juu ya gunia kwa taratibu ile ile kilivyotoka. Hakuna aliyekusudia kumfundisha ufundi. Alijifunza kwa kupanga. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, pale niliona trekta zima likifa kwa kukosa kitu cha ukubwa wa kidole." Mpango ulipokufa aliondoka na spana tatu na elimu ile ya gunia, na kwa elimu hiyo alilea watoto saba. Sijaona kitabu kilichoiandika faida hiyo katika hesabu ya karanga, na kwa kweli ni vigumu kuipa bei.

Gati la maji marefu la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya kufutwa kwa mpango uliokuwa sababu ya kujengwa kwake. Reli ya kusini, iliyoanza karibu na Lindi ikaunganishwa na Mtwara, ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Tangu hapo mtu wa kusini alikuwa na miguu yake, jahazi, meli ya pwani ikija, na motokaa ikiwaka. Upande mmoja mto Ruvuma ulikuwa mpaka wa vita hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Upande wa pili mto Rufiji haukuwa na daraja hadi mwaka 2003. Watu walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na masika ikikasirika barabara ilifungwa kwa majuma. Tulikuwa kama kisiwa kisicho na jina la kisiwa. Spea iliyoagizwa Dar es Salaam iliweza kuchelewa hata aliyeiagiza akasahau aliiagizia nini.

Katika hali hiyo Baba alinunua Land Rover yake mwaka 1974, katika mnada wa magari ya serikali yaliyochoka. Ilikuwa imekwisha kufanya kazi miaka minane katika mchanga wa Newala na Masasi. Ilibeba korosho, ilibeba mahindi, ilibeba maharusi, na usiku ilibeba wajawazito kwenda hospitali ya Ligula. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa ndani yake, karibu na Mikindani, maana radieta ilichemka na Baba akawa anakimbilia maji upande mmoja huku Mama akihitaji maji upande mwingine.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya kumtoa Idi Amin vilianza mwishoni mwa mwaka 1978. Bei ya mafuta ikapanda mwaka 1979. Na fedha za kigeni zikawa adimu kama mvua ya Agosti. Maduka ya spea yalibaki na rafu na kalenda. Miaka hiyo ndiyo iliyonifunza ufundi ni nini. Nilimwona Baba akiweka boksi la karatasi juu ya uso wa injini na kuligonga kingo kwa nyundo ndogo mpaka alama za matundu zikatokea, akakata, akapaka grisi, na hiyo ikawa gasketi. Tangi la petroli likivuja alisugua kipande cha sabuni ya kufulia katika ufa, na sabuni ilishika, kwa kuwa petroli haiiyeyushi kama maji yaiyeyushavyo. Springi ya lori lililokufa ilipelekwa kwa mhunzi, ikatiwa moto, ikafupishwa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuleta bidhaa bila kuulizwa sana, na magari yaliyotumika yakaanza kuingia. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini kulikuwa na pikapu za Kijapani zilizokuwa zikiwaka kila asubuhi bila dua. Land Rover ya Baba ilivunjika meno ya giaboksi mwaka 1991. Aliiegemeza juu ya mawe, akaifunika turubali, akasema, "Imepumzika." Alifariki mwaka 2004 bila kuigusa tena, nasi tuliamini kwamba alikuwa ameikatia tamaa.

Narudi sasa kwenye juma lile la kuingoja Ijumaa. Kijana wa chuma chakavu alikuwa ameniambia kwamba alumini hupimwa peke yake na chuma peke yake, na kwamba injini ikifunguliwa bei itakuwa nzuri zaidi. Injini ile sikuwa nimeifungua miaka yote mitatu. Nilikuwa nimeshughulika na magurudumu, nyaya na bodi, kwa kuwa niliamini pistoni zilikwisha kushikana na silinda, na mtu huiweka mwisho habari mbaya. Siku ya Alhamisi alasiri nilifungua plagi ya kwanza ili niidharau injini hiyo kwa macho yangu. Plagi ilitoka kwa mkono. Nyuzi zake zilikuwa zimepakwa grisi. Nikaingiza kijiti katika tundu, kikatoka na oili nzito, nyeusi, yenye harufu ya zamani. Silinda zote nne zilikuwa zimejazwa. Mdomo wa kabureta ulikuwa umezibwa kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta, na kitambaa nilikitambua: kilikuwa kipande cha kanzu yake.

Hapo nilikumbuka habari niliyoifundisha darasani mara nyingi bila kuifikiri. Wajerumani walikuwa na meli katika ziwa Tanganyika, iitwayo Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa na kuungwa upya Kigoma. Mwaka 1916, walipolazimika kukimbia, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wale wale waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waliizika wakitumaini kufufuka kwake. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, wakakuta mitambo ni mizima, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Ikafanya kazi ziwani miongo mingi baada ya wote walioipaka grisi ile kwisha kufa.

Sijui kama Baba alipata kusikia habari za Liemba. Najua kwamba mtu aliyekata tamaa hararui kanzu yake kuziba kabureta. Kijana alipokuja Ijumaa nilimpa chai, nikamuuzia rimu mbili zilizopasuka na radieta ya zamani. Alipima, akalipa, akaniaga kwa adabu, na usoni mwake niliona kwamba ananihesabu miongoni mwa wazee waliorukwa na akili.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo sikuchoka tena. Haikuwa hivyo. Furaha ya plagi ilidumu kiasi cha majuma mawili, kisha uchovu ulirudi mahali pake. Ndipo nilipohitaji habari ya pili, nayo ni ya pwani yetu hii, ya ghuba ya Sudi, kaskazini ya Mikindani.

Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie, nahodha wake akiwa Sörensen, iliingia Sudi kwa siri baada ya kupenya katikati ya manowari za Waingereza. Ilileta mizinga, bunduki na risasi kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, na shehena yote ilipandishwa bara vichwani mwa wapagazi, ambao historia imeyasahau majina yao kama ilivyo desturi yake. Mwezi Aprili Waingereza waliigundua na kuipiga mizinga. Meli ilitobolewa mara nyingi, nao wakadhani imekwisha. Mabaharia wake hawakuitengeneza ikawa kama mpya. Katika ghuba ya mikoko hapakuwa na cha kuifanyia hivyo. Waliziba yale matundu ambayo bila kuzibwa meli ingezama, mengine wakayaacha yalivyo. Kabla ya mwezi kwisha ilitoka usiku, na Mei ikatia nanga Batavia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Aliyetaka kuipaka rangi kwanza angalikutwa bado anapaka. Siwapendi waliopigana vita vile katika ardhi yetu, na watu wetu waliilipia kwa njaa na kwa mauti. Lakini fundi hujifunza hata kwa mgeni asiyemwalika.

Nilikuwa na daftari la makosa ya motokaa, yamepangwa kwa namba, na yalipita mia moja na arobaini. Daftari lile ndilo lililokuwa safu yangu ya matrekta. Nililiweka chini ya godoro. Nikajiuliza neno moja: ni matundu gani yasipozibwa motokaa hii haitatoka ghubani? Na kwanza kabisa niliazimia isikike. Haikuwa na tangi zuri. Nikaning'iniza chupa ya petroli juu ya kabureta kwa kamba. Haikuwa na betri. Mpwa wangu alileta ya bodaboda, haikutosha, akaenda kuazima ya pikapu. Haikuwa na ekzosi. Injini ilizunguka, ikapiga chafya, ikatoa moshi wa oili ya mwaka 1991 uliowafukuza kuku wote wa mtaa, kisha ikanguruma.

Mama, ambaye macho yake sasa hayaoni mbali, alikuwa ameketi barazani. Akauliza, "Nani huyo?" Mpwa wangu akamjibu, "Bibi, ni gari ya Babu." Akanyamaza, kisha akasema, "Mzime. Mtamchosha."

Motokaa iliyonguruma huwa imeingia katika hesabu ya mtaa. Kabla ya siku ile watu walinipa pole. Baada yake walinipa spea. Mzee mmoja wa Mtwara aliyekuwa utingo wa Baba alileta giaboksi nzima aliyokuwa amekalia miaka kumi na tano kama kigoda. Hili sikulitegemea, nami naona ndilo lililotuokoa: aliyefungua motokaa peke yake uani hana shahidi wa kumwonea haya wala wa kumfurahia.

Jambo moja zaidi nilijifunza ufukweni. Mafundi wanaotia kalafati majahazi yaliyopwelewa hufanya kazi kati ya maji kupwa na maji kujaa. Maji yakirudi, kazi imekwisha, upende usipende. Pamba na nyundo hukusanywa hata kama umebakia ufa wa shibiri moja. Nilimwuliza mmoja wao kama haimuudhi kukatizwa. Akanijibu kwamba bahari humtoa kazini kabla hajaichukia, na kesho yake huja akiwa na hamu na ule ufa. Tangu hapo nami nimejiwekea maji yangu. Nashika spana baada ya sala ya alasiri, na adhana ya magharibi huninyang'anya. Mara nyingi huniacha na bolti moja mkononi ambayo imebakia kuingia, na usiku huilalia ndoto.

Mwezi uliopita tuliitoa juu ya mawe. Vijana sita walisukuma, ikateremka, nikatia giya ya kwanza, tukaenda kwa njia ya mchanga mpaka penye Boma na kurudi, mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa. Mama alikaa mbele, mkono wake mmoja ukishika mlango, ambao kwa sasa hufungwa kwa kamba ya katani. Breki za nyuma upande wa kushoto hazijashika bado, na taa zote mbili ni vipofu. Tulipofika nyumbani hakutaka kushuka. Akauliza kama tutafika Newala kabla ya msimu wa korosho. Nikamwambia, "Breki kwanza, Mama." Akasema Baba naye alikuwa na maneno hayo hayo, na safari ilikuwa ikifanyika.